Kwa akina mama wa kikoba: hiyo skafu shingoni

Wanangu wa kikoba, huku kwetu Uporoto, mwagonile.

Siku ile ya kugawana hisa nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Mmoja wenu, simtaji, alikuwa amejifunga skafu shingoni. Kwa baridi yetu hii skafu si habari. Lakini alipopiga funda la chai, kitu chini ya kitambaa kilipanda, kikashuka. Uvimbe wa hapo mbele unaocheza hivyo mtu akimeza, mara nyingi ni wa tezi ya thairoidi, ile iliyokumbatia koo kama kipepeo aliyetua. Ndiyo rovu yenyewe.

Bibi zetu wengi walikuwa nayo, na wengine walichanjwa wembe kwa kudhaniwa wamerogwa. Hakuna aliyeroga. Udongo wa milima umeoshwa na mvua tangu enzi na enzi, madini joto, yaani ayodini, yakaenda zake baharini. Viazi na mahindi yetu yanapendeza macho, lakini madini joto yana haba. Na thairoidi bila madini joto haiwezi kutengeneza homoni yake, ile inayoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, choo, hedhi, hata ubongo wa mtoto aliye tumboni. Homoni ikipungua, kitezi kidogo chini ya ubongo kiitwacho pituitari kinaleta homoni nyingine ya kuihimiza thairoidi. Inahimizwa, inahimizwa, mwisho inavimba.

Miaka ya 1980 na 1990 tuligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha chumvi ikaanza kutiwa madini hayo. Rovu kubwa zikapungua, nasi tukasahau. Sasa gulioni naona chumvi ya mawe kwenye gunia wazi, inapimwa kwa kopo. Nilipokuwa kazini nilitembea na kichupa cha kupimia: tone moja likiangukia chumvi nzuri, panageuka zambarau. Chumvi ya namna hiyo niliipima mara nyingi, ikabaki nyeupe vilevile.

Nunueni ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Iwekeni kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, muitie chakula kinapokaribia kuiva. Msiongeze kiasi, presha nayo ipo. Mjamzito ndiye asikose kabisa: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, yeye 250.

Ila mwenye uvimbe tayari asijitibu kwa chumvi. Vimbe zina sababu nyingi, na chache ni saratani. Tena thairoidi huugua hata shingo ikiwa laini. Ikilegea, mtu anasikia baridi kuliko wenzake, ananenepa, choo kigumu, hedhi nzito, usingizi hauishi. Ikizidisha, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anakonda huku anakula, pengine macho yanatokeza.

Hapo nina deni. Nikiwa nesi kijana nilimwambia mama mmoja kwamba uchovu wake ni uvivu, ajikaze shambani. Alirudi baada ya miezi, uso umevimba, sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Kipimo cha damu kikaonyesha thairoidi imelegea. Alipewa vidonge vya homoni, na baada ya wiki chache alikuwa akicheka kwenye foleni. Vidonge hivyo humezwa asubuhi tumbo tupu, kwa maji, chai isubiri nusu saa au zaidi. Wengi huvitumia maisha yao yote. Msiviache kwa sababu mmepata nafuu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema: wale wanaowauzia mabinti vidonge vya kunenepesha, vingi huwa ni deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ya jamii ya steroidi. Uso unajaa, sukari inapanda, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kazi yake. Ukivikatisha ghafla baada ya kuvizoea unaweza kufa. Aliyekwisha anza amwone daktari, amweleze ukweli.

Mwenye skafu, Jumatatu nashuka Mbeya mjini kupima presha yangu. Nitakuwa stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli yako ninayo.

Ni mimi mama yenu, nesi mstaafu.