Mpira wa dripu ukitoka wodini unaenda wapi?

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Juzi nilipanda boda kwenda zamu ya usiku, njiani mafuta yakakata, dogo akasimamisha mwenzie, akachomoa mpira chini ya siti akaanza kunyonya petroli kwa mdomo toka kwenye tenki la yule mwenzie. Nikauangalia ule mpira, wa dripu kabisa, hadi kale kagurudumu ka kupunguzia matone kapo. Nikamuuliza we huu umeutoa wapi, akajibu anacheka, "Sista, si ipo kibao pale nyuma ya hospitali, shimoni." Sikuwa na la kusema maana mimi ndo mmoja wa wanaoitupa.

Sindano kila mtu anaiogopa, ina boksi lake, likifika robo tatu linafungwa. Mpira hauna mwenyewe. Kwa macho unaona maji tu ndani basi unatupwa na maganda ya ndizi na maboksi ya juisi ya ndugu wa wagonjwa, wakati dripu ikiisha na hakuna aliyekuja kuifunga damu inapanda mle mle kwenye mpira, kila nesi ameiona.

Halafu kuna ile sindano ya hewa. Chupa ya plastiki ikiwa ngumu maji hayashuki vizuri mpaka hewa iingie, so tunadunga sindano juu ya chupa. Ikiisha, una wodi nzima uko peke yako, unachomoa mpira kwenye kanula, kale kamrija kaliko kwenye mshipa wa mgonjwa, unauzungushia chupa, unatupa vyote pamoja, sindano imesimama pale kama mwiba wa sato. Kinachoniuma zaidi, kuna mipira ina kadirisha ka hewa pembeni, ukikafungua sindano huihitaji kabisa, ila nimeona watu wanadunga tu kwa mazoea, hata mimi nimeshafanya.

Sasa kuna mama mmoja wa usafi hapa kwetu, umri wa mama yangu mzazi, alikuwa anaukandamiza mfuko wa taka kwa mkono ili ufungike, sindano ikamwingia kwenye kiganja, ikapita glavu. Akaja kaushika mkono, "Mwanangu, hii ni ya nani?" Nani angejua, mfuko una chupa za wodi nzima. Pengine ilikuwa ya hewa tu haikumgusa mgonjwa yeyote, lakini huwezi kuapa. Tukamuosha kwa maji ya bomba na sabuni, akaanza PEP, zile dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi, siku ile ile maana mwisho ni saa 72, akameza siku 28 na kichefuchefu juu, nyumbani mzee anauliza hivyo vidonge vya nini. Chanjo ya homa ya ini B hakuwahi kupata hata moja, na kirusi hicho kwa kuchomwa sindano kinaambukiza kirahisi kuliko cha ukimwi. Chupa ile niliitupa mimi au mwenzangu wa mchana, sijui mpaka leo.

Wenzangu manesi, boksi la sindano liwe kwenye troli, lisibaki ofisini kwa in-charge, msimamizi wa wodi. Ukifika kitandani funga kagurudumu, sindano ya hewa ichomoe uitie boksini hapo hapo kabla hujageuka, mpira uende kwenye ndoo ya taka ambukizi. Na wakubwa wetu, shimo lisilo na uzio ni duka la bure, na kuchoma plastiki ile kwa kiberiti na mafuta ya taa shimoni kunatoa sumu, dioksini, moshi unarudi wodi ya watoto. Chanjo ya mama wa usafi nayo isisubiri kampuni yake ikumbuke.

Yule dogo nilimnunulia mpira wa dukani. Kashukuru, ila kaniambia wa hospitali ulikuwa laini zaidi.

Muuguzi,
Kanda ya Ziwa