Mifupa ya jaani: barua kwa mdogo wangu, Kilwa

Mdogo wangu,

Nifikishie shikamoo kwa mama na mjomba. Kibarua ulichopata cha kuchekecha udongo wa nyumba ya kale Songo Mnara usikidharau. Udongo wa huko una chokaa ya matumbawe, ndiyo maana mifupa ya vyakula walivyotupa jaani wakazi wake imedumu tangu karne ya 14 na 15. Kwenye udongo mchachu ingekwisha.

Jambo kubwa ni chekeche. Tundu za milimita 5 zinabakiza mifupa ya mbuzi, kasa na chewa wakubwa, ila tasi wadogo na dagaa wanapita wote. Omba angalau ndoo moja ya kila tabaka ipite kwenye tundu za milimita 2. La sivyo, ripoti itasema wale watu walikula nyama nyingi kuliko samaki. Pwani yetu hii!

Mfupa wenye unyevu uanike kivulini, jua litaupasua. Usiuloweke. Safisha kwa mswaki laini, na kwenye kila mfuko tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huenea: shimo, tabaka, tarehe. Mfupa usiojulikana tabaka lake haufai kitu.

Alama zichunguze kwa mwanga wa ubavuni. Kisu huacha mfereji mwembamba, mbwa vishimo, panya mistari sambamba. Mpasuko wenye rangi changa ni wa sepetu yenu.

Kwenye hesabu ndipo wengi wanapoteleza. Taya la pono ni gumu, kipande tu kinamtambulisha. Papa ana gegedu, hubaki meno na pingili. Kwa hiyo pono kujaa kwenye meza ya kuchambulia mifupa si ushahidi kwamba walijaa chunguni. Mbuzi nao: mkipata mifupa 14 ya bega hadi kiwiko ya kushoto na 9 ya kulia, hao si mbuzi 23, ni wasiopungua 14. Tena andikeni “mbuzi au kondoo”, kwani mifupa yao mingi haitofautiani. Ncha ya mfupa huo upande wa kiwiko huungana na shina lake mnyama akikaribia mwaka 1, ya upande wa bega karibu miaka 3. Ya kwanza ikiwa imeungana na ya pili bado, alichinjwa katikati ya hapo.

Mwambie mama asitupe vichwa vya pono, changu na tasi. Mpime samaki kwanza, urefu na uzito, kisha chemsha kichwa taratibu mpaka nyama iachie, ukaushe mifupa na kuiandika jina. Makusanyo ya mifupa ya huku ugenini yamejaa samaki wa bahari za huku, hayatusaidii kulinganisha.

Kaka yako