Barua ya malalamiko kuhusu mlango wa vioo wa kukunja: kasoro haziko kwenye bawaba

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MLANGO WA VIOO WA KUKUNJA, PANELI TANO, KATI YA SEBULE NA BUSTANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlango wa alumini mliotuuzia na kutufungia unakwama katikati, unaingiza maji kila mvua inapokuja na upepo, na unakunjikia upande ambao hatukuuagiza. Jibu la ofisi yenu limekuwa lile lile: fundi atakuja kurekebisha bawaba. Fundi wa bawaba hatumhitaji tena. Bawaba ni nzima. Kasoro ziko kwenye linta (boriti iliyo juu ya mlango), kwenye kizingiti na kwenye mchoro wenu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofikiwa na ufunguo wa pembe sita.

Tuanze na kukwama. Mfumo mliotuchagulia ni wa kuning'inia: uzito wote unabebwa na vigurudumu vinavyotembea kwenye reli ya juu, na reli ya chini kazi yake ni kuongoza tu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Chetu ni cha tabaka mbili, milimita 6 kwa 6, kwa hiyo mita ya mraba ina kilo 30. Kila paneli ina kioo cha kama mita za mraba 1.67, yaani kilo 50, na ukiongeza fremu na vyuma vyake inakaribia kilo 70. Zidisha kwa tano upate kilo 350 zinazoning'inia kwenye linta iliyovuka uwazi wa mita 4.5, na linta hiyo tayari ilikuwa imebeba ukuta na paa.

Mwongozo wenu wa ufungaji, ule mliotuachia pamoja na funguo, unaruhusu reli ya juu ishuke milimita 3 katikati na si zaidi. Ukivuta uzi kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho wake, mlango ukiwa umefungwa, katikati imeshuka milimita 6. Hata bila uzi jambo hilo linaonekana: nafasi kati ya paneli na reli ya chini ni milimita 8 pembeni, lakini chini ya paneli ya tatu ni milimita 2. Chembe za mchanga zinatosha kuikwamisha.

Sasa tazameni kinachotokea fundi wenu akija. Analegeza nati ya kigurudumu cha paneli ya tatu, anainyanyua kwa milimita 3 ambazo skrubu inaruhusu, mlango unafunga vizuri, anaondoka. Tunapoufungua wote, paneli hiyo hiyo inasogea hadi pembeni, mahali ambapo reli haikushuka, na sasa inakuna fremu ya juu kwa sababu imenyanyuliwa. Rangi imekwanguka hadi alumini inaonekana, urefu wa kama kiganja. Akiishusha isikune juu, inakwama chini. Katika reli iliyopinda hakuna kimo kimoja cha paneli kinachofaa kote, na ndiyo maana kila marekebisho yanahamisha tatizo kutoka ncha moja hadi nyingine.

Haya yalipaswa kujulikana siku ya kupima. Kabla ya kuchagua mfumo, mpimaji anatakiwa kujua linta itapinda kiasi gani ikishabeba kila kitu, na jibu hilo linatoka kwa mhandisi wa jengo. Halipatikani kwa kuiangalia linta kutoka chini. Kwenye fomu yenu ya upimaji kisanduku cha linta kimewekwa alama ya vema, bila namba yoyote. Jibu likikosekana, au likizidi milimita 3, mfumo sahihi ni ule unaobeba uzito chini: vigurudumu vinakaa kwenye reli ya kizingiti, na reli ya juu inaongoza tu huku ikiwa na nafasi ya kumeza kushuka kwa linta. Reli ya chini ya namna hiyo hukusanya uchafu na inataka kufagiliwa mara kwa mara, hilo tunalijua na tunalikubali. Chini ya mlango wetu kuna zege imara. Hapakuwa na sababu ya kuning'iniza kilo 350 juu.

Kuna jambo la fremu pia, na tunalitaja hapa kwa sababu linaongeza kukwama saa za jua kali. Alumini hutanuka karibu milimita 1 kwa kila mita joto lake likipanda nyuzi 40, na fremu ya kijivu iliyokolea inayotazama jua hupanda kiasi hicho bila shida. Kwa mita 4.5 ni milimita 4 na zaidi kidogo. Uwazi wetu ni milimita 4,500. Fremu mliyoleta ina milimita 4,496, badala ya kama 4,480 ambayo ingeacha milimita 10 kila upande kwa ajili ya kabari, kupimia wima na kutanuka. Nyinyi mmeacha milimita 2 kila upande, kisha mkazijaza saruji. Fremu haina pa kwenda ila kujikunja. Isitoshe, saruji mbichi hula alumini na rangi yake, ndiyo maana pengo la pembeni hujazwa povu na kufungwa kwa silikoni nje, na saruji huwekwa mbali. Hii ni kazi ya kulipua, hatuna neno jingine.

Kuhusu maji. Kipeperushi chenu kinasema mlango huu una daraja la 7A la kuzuia maji kwa kipimo cha Ulaya cha EN 12208. Daraja hilo lina maana mahususi: sampuli ya mlango hunyunyiziwa maji huku ikisukumwa na hewa hadi paskali 300, ambazo ni sawa na upepo wa karibu kilomita 80 kwa saa, na maji yasiingie ndani. Tatizo ni kwamba daraja ni la ile sampuli iliyopimwa, pamoja na kizingiti chake. Katika mchoro wa kiufundi ulio nyuma ya kipeperushi hicho hicho, kizingiti kilichochorwa kimeinuka, na paneli inakibana kwa raba mbili. Mlichotufungia ni kizingiti bapa kilicholingana na sakafu, ambacho hakina ukingo wa kubanwa. Raba pekee inayogusa chini ni ya brashi. Brashi huzuia vumbi na wadudu. Maji yanayosukumwa na upepo hayazuii.

Tuliomba kizingiti cha chini ili mtu asijikwae, na tungeomba tena. Lakini ni muuzaji anayejua kwamba kila milimita ya ukingo inayoondolewa inapunguza uwezo wa kuzuia maji, na kwamba kizingiti bapa kinawezekana tu pale ambapo maji yanaondolewa kabla hayajafika mlangoni. Maana yake ni mtaro mwembamba wenye wavu, ukipita urefu wote wa mlango upande wa nje, pamoja na sakafu ya nje yenye mteremko wa 1 kwa 60 kwenda bustanini, ambao ni kama milimita 17 kwa kila mita. Mchoro mliotupa kwa ajili ya mafundi wa sakafu ya nje unaonyesha vigae vimefika hadi kwenye alumini, bila mteremko na bila mtaro. Walifuata mchoro.

Hata hivyo, maji mengi tunayoyafuta hayapiti chini ya brashi. Yanatoka kwenye reli yenyewe. Mfereji wa reli ya chini una matundu upande wa nje ya kutolea maji, marefu kama kidole. Matano kati ya sita yamezibwa: mawili kwa saruji ya kulazia vigae, matatu kwa silikoni ambayo fundi wenu aliipaka alipokuja kuzuia uvujaji. Jaribio ni jepesi na mnaweza kulifanya mbele yetu. Mlango ukiwa umefungwa, mimineni lita moja ya maji kwenye reli kutoka nje. Kwenye kizingiti kilichofungwa sawasawa maji hayo yanamalizika kwa kutokea nje ndani ya dakika chache. Hapa yanasimama, kisha yanachomoza ndani kwenye kona ya kushoto, mahali ambapo alumini ya kizingiti inakutana na nguzo ya fremu. Mkifungua kifuniko cha plastiki cha kona hiyo mtaona ncha ya kizingiti ikiwa wazi kabisa: haikuwekewa kipande cha kuziba wala silikoni kabla ya kuunganishwa. Maji yanaingia kwenye uwazi wa alumini na kupita chini ya sakafu ya sebule. Kupaka silikoni kwa nje kunafungia maji ndani ya reli na kuyaongezea njia ya kuja kwetu. Tunaomba asije tena mtu na bomba la silikoni.

Upande wa kukunjikia. Fomu ya oda inasema: paneli tano, zote zikunjike kwenda kushoto, zifungukie nje, na paneli ya tano upande wa kulia iwe mlango wa kupitia kila siku. Mpangilio huo ulichaguliwa kwa makusudi. Paneli zikiwa witiri na zote zikienda upande mmoja, ya mwisho hubaki huru na hufunguka peke yake kama mlango wa kawaida. Zikiwa shufa na zote zikienda upande mmoja, hata kutoka nje mara moja unalazimika kukunja paneli mbili. Mlichokifunga kinakunjikia kulia na mlango wa kupitia uko kushoto. Ofisi yenu inasema tulisaini mchoro. Ni kweli sahihi ipo. Mchoro huo umechorwa kama mtu aonavyo akiwa nje, lakini haukuandikwa hivyo popote, ilhali fomu ya oda iliandikwa kwa kuangalia kutoka ndani. Mchoro wa mlango wa kukunja usioonyesha unaangaliwa kutoka wapi haumwambii mteja lolote, kwa sababu kila mpangilio una picha yake ya kioo. Matokeo yake ni kwamba rundo la paneli zilizokunjwa, lenye unene wa kama milimita 450 na linalojitokeza nje karibu milimita 900, sasa limeziba njia ya kuingilia bustanini, na upande uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili yake haufai kwa chochote.

Paneli ya tano, ambayo ndiyo inayotumika kila siku, imeanza kulegea. Kutoka kona hadi kona ina milimita 2,488 kwa mshazari mmoja na 2,493 kwa mwingine, yaani upande wa kitasa umeshuka karibu milimita 3, na ulimi wa kitasa unagonga bati badala ya kuingia. Fundi aliikaza bawaba. Chanzo kiko ndani ya fremu: kioo kinatakiwa kukazwa kwa kabari za plastiki kwa mshazari, kabari ya chini ikiwa kwenye kona ya upande wa bawaba na ya juu kwenye kona ya upande wa kitasa, ili uzito wa kioo uelekee bawabani na kioo chenyewe kiishike fremu isilale. Ukiutoa ukanda wa ndani unaona kabari mbili tu, zote chini, moja katikati kabisa. Fremu ya alumini iliyoachwa ibebe kioo cha kilo 50 namna hiyo italala tu, hata bawaba zingekuwa za dhahabu.

Mwisho, vioo vya paneli ya kwanza na ya nne havina mhuri wa kudumu wa kioo cha usalama kwenye kona, wakati vile vya paneli nyingine vinao. Kwenye mlango ambao watoto hupita wakikimbia hatukubali maelezo kwamba mhuri umesahauliwa.

Tunachotaka ni hiki. Mfumo wa kuning'inia uondolewe na uwekwe wa kubeba uzito chini, wenye kizingiti kilichoinuka kinacholingana na kile kilichopimwa kwa daraja la 7A, na tupewe nakala ya ripoti ya kipimo hicho. Tumekwisha kubali ukingo kuliko maji sebuleni. Fremu mpya iache nafasi ya kutanuka, ikunjikie kushoto kwa mtu aliye ndani, na mchoro wake uandikwe hivyo kabla hatujausaini. Kama paneli zilizopo zinaweza kutumika kwenye mfumo huo, sawa, mradi kabari zipangwe upya na paneli iliyokwanguka ipakwe rangi kiwandani. Brashi ya mkono hatutaikubali. Kama haziwezi, gharama ni yenu. Vioo visivyo na mhuri vibadilishwe, kwa kuwa bila mhuri hatuna uthibitisho kwamba ni vya usalama. Mtaro wa nje na kurudishia vigae mtakavyovitoa viwe sehemu ya kazi.

Salio la mwisho la malipo tunalizuia hadi jaribio la maji lifanyike mbele yetu na reli ya juu ipimwe kwa uzi, mlango ukiwa umefungwa na ukiwa umekunjwa. Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likiwa na jina la mhandisi atakayekuja kukagua. Picha za kona ya kizingiti, matundu yaliyozibwa na kabari za paneli ya tano zimeambatanishwa, pamoja na nakala ya fomu ya oda na mchoro wenu.

Wateja wenu,
Wenye nyumba na msimamizi wa ujenzi