Kabla ya Ijumaa: barua ya wazi kwa vijana wa Wete

Wanangu, assalaamu alaykum.

Habari za Ijumaa zimenifikia. Mnataka mkitoka msikitini mshike njia moja kwa moja hadi kituo cha polisi, na mabango yenu, kudai mwenzenu aliyekamatwa atolewe. Fulana nasikia zimeshaagizwa, zenye picha yake. Siandiki kukukatazeni, umri wa kukatazwa mmeshaupita. Ila mimi nimekula mshahara wa mahkama mpaka nikastaafu, karani wa majalada, na watu wa aina ya mwenzenu nimewaona wakiingia na kutoka. Nina maneno. Nimeyaweka wazi kwa sababu maneno ya faraghani Pemba hufika kila nyumba kwa sura yake.

Kwanza tuwekane sawa juu ya yaliyotokea, maana kila baraza ina yake. Mwenzenu aliwarikodi wanakijiji wakilalamika kuwa shamba lao la pwani limepigwa vigingi. Akairusha video, na chini yake akauliza: nani katoa kibali, lini, fidia iko wapi, na kwa nini watu wa shehia hawakuitwa. Jumatatu usiku wakamchukua. Tangu hapo mama yake kazunguka vituo akijibiwa "hayupo hapa", hadi Ijumaa iliyopita alipofikishwa mahkamani. Dhamana ikakwama, kwa sababu wadhamini walitakiwa barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na sheha siku hiyo kasafiri. Sasa yuko rumande. Haya tunayajua. Kwamba kapigwa, kwamba kapakiwa meli ya Unguja usiku, kwamba kwenye simu yake kumekutwa majina ya wakubwa, hayo ni maneno tu mpaka sasa, na nyinyi mmeshayaandika kama mlikuwepo.

Dukani nimemsikia mtu mzima mwenzangu akisema: "Si mwandishi yule, hana hata kitambulisho, yalimpeleka wapi?" Nataka mjue la kumjibu, tena kwa adabu. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa haki ya kutoa maoni, na ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, kila mtu. Hakikusema kila mwandishi. Kikaendelea kusema kuwa mwananchi ana haki ya kupewa habari za mambo yanayogusa maisha yake. Kwa hiyo katika video ile wenye haki si mwenzenu peke yake, na wale wenye shamba wamo.

Na hicho kitambulisho kinachotajwa kimemkinga nani? Disemba 2015, baada ya uchaguzi kufutwa, redio ya Hits FM ilitiwa moto mjini Unguja na watu waliofunika nyuso. Redio hiyo ilikuwa na leseni yake. Machi 2016, uchaguzi wa marudio ukiwa mlangoni, Salma Said, mwandishi anayejulikana nchi nzima, alitekwa Dar es Salaam akitokea Unguja. Kitambulisho alikuwa nacho. Siku hizo tukiwaita mazombi wale waliokuwa wakipita na magari usiku, na hadi leo sijasikia zombi aliyesomewa shtaka.

Lakini kisomeni kifungu hicho chote. Kinaanza kwa kusema haki hiyo ipo bila ya kuathiri sheria za nchi, na mlango huo mdogo umepitisha mizigo mikubwa. Humo ndimo ilimopita Sheria namba 5 ya 1988, ya usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu, iliyompa waziri nguvu ya kulisimamisha gazeti. Gazeti la Dira tulikuwa tukilipokezana hapa Wete mpaka mikunjo ikachanika. Novemba 2003 likafungwa, na mhariri wake, marehemu Ali Nabwa, naye aliulizwa uraia wake. Msije mkadhani ni ugonjwa wa chama kimoja au wa Mapinduzi. Waingereza waliwashitaki wenye gazeti la Al-Falaq kwa uchochezi mwaka 1954, na mwanasiasa Abdulrahman Babu wakamfunga kwa uchochezi huohuo mwaka 1962. Serikali zimebadilika, karatasi ya mashtaka mimi naiona ni ileile.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Muna hasira nyingi na muna picha nyingi, lakini daftari hamna.

Nilimuuliza mmoja wenu, sitomtaja: mama alipokwenda kituoni Jumanne alimkuta askari gani? Hajui. Saa ngapi? "Asubuhi asubuhi." Alipewa namba ya RB, ile ya kitabu cha taarifa cha polisi? Kanikodolea macho. Gari iliyomchukua ilikuwa na namba gani? Nyeupe. Wanangu, sheria inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahkamani ndani ya saa 24. Jumatatu usiku hadi Ijumaa ni jambo zito, wakili mzuri angelishikilia hilo hilo. Lakini wao watasema alikamatwa Alkhamis jioni, na kitabu chao kitaandika hivyo. Chenu kitasema nini? Nyeupe?

Nilipokuwa kazini nilikuwa nikiwaona jamaa za watuhumiwa wakija mezani kwangu. Wengi wakilia, wengine wakitukana, na mimi sikuwa na la kuwafanyia, karani ana muhuri tu. Lakini akija mtu na karatasi, imeandikwa siku fulani, saa fulani, nilikwenda kituo fulani, nikapokewa na fulani, nikajibiwa hivi, basi hata hakimu aliyekuwa na haraka ya kwenda kusali alivaa miwani. Ikiwa wamekataa kukupa RB, andika kuwa wamekataa, nani aliyekataa, na ulikuwa na nani. Kesi ikiahirishwa, andika namba yake, jina la hakimu na sababu kama ilivyosemwa. Mara nyingi mtasikia "upelelezi haujakamilika". Ikija mara ya kwanza si kitu. Ikija mara ya sita, na zote sita zimeandikwa kwa tarehe, hiyo inakuwa hoja.

Mtaniambia bibi anazungumza makaratasi na watu wanapotea. Nazungumza makaratasi kwa sababu ya Januari 2001. Nyinyi wengine hamjazaliwa. Watu walitoka kuandamana hapa Wete, Micheweni, Chake na Unguja, wakapigwa risasi. Kiasi cha watu elfu mbili walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya kuvulia. Majeruhi wengine walifichwa majumbani kwa kuogopa hospitali, na wako waliozikwa haraka haraka. Baadaye tume ya serikali ya Brigedia Hashim Mbita ikatoa hesabu ya waliokufa: 31. Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, waliokuja kuhoji watu, wakasema si chini ya 35. Mimi hesabu hizi mbili zimenikaa kifuani. Baina ya 31 na 35 kuna watu wanne, wenye mama na wake, ambao kwenye kitabu cha serikali hawakufa. Na hata hao waliosajiliwa na Human Rights Watch, walisajiliwa kwa kuwa alipatikana mtu wa kijijini aliyekumbuka jina, siku na pahala, akasema mbele ya mgeni wakati wengine wamefunga milango. Leo hakuna ajuaye jina la huyo msemaji, lakini alilolisema limechapishwa.

Jengine ni kujua mnamlilia nani. Mabango yenu, nimeonyeshwa rasimu, yote yanaielekea Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sikilizeni hapa, maana hata wakubwa huchanganya. Polisi ni jambo la Muungano. Mwendesha Mashtaka anayepeleka kesi mahkamani ni wa Zanzibar. Anayekukamata ana bosi wake Bara, anayekushitaki ana bosi wake Unguja, na kila mmoja akibanwa humuelekeza mwenzake. Magazeti ni sheria ya Zanzibar, mitandao ni ya Muungano, na kanuni zile za 2018 zilizotaka leseni kwa anayerusha habari mtandaoni zilitoka Bara. Malalamiko ya kuwekwa kituoni kupita muda hayaendi pahala pamoja na malalamiko ya dhamana. Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ina ofisi Zanzibar, na hii ni ya Muungano pia. Kiko Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kinachofanya kazi hizi tangu 1992. Nendeni kwa barua, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Nakala isiyo na muhuri, mwanangu, ni kama hukwenda.

Wala msidhani hoja za vitabuni ni za kupoteza wakati. Wale 18 wa CUF, chama cha upinzani, walioshitakiwa kwa uhaini walikaa ndani, wengi wao kuanzia mwisho wa 1997, hadi Novemba 2000. Nje watu walipiga kelele, na zilisaidia, sikatai. Lakini Mahkama ya Rufani ilipokuja kusema, ilisema jambo la kisheria kavu kabisa: uhaini ni kosa dhidi ya dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo haliwezi kutendeka dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Mawakili walikuwa wameishika hoja hiyo muda wote, wakiidurusu.

Na ikifika pabaya, hesabuni siku. Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, hamuwezi tena kuiendea wenyewe kama raia, kwani Tanzania ilitangaza kujitoa kwenye ruhusa hiyo Novemba 2019. Iliyobaki ni Mahkama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, ambayo mwaka 2019 iliikuta Sheria ya Huduma za Habari ya Bara na vifungu vinavyovunja Mkataba wa Jumuiya. Lakini hiyo inampa mtu miezi miwili tangu jambo litendeke. Ndani ya miezi miwili nyinyi mtakuwa bado mnajadili rangi ya fulana.

Nirudi kwenye yale maneno mliyoyarusha, kuwa kapigwa na kapelekwa Unguja. Karafuu mbichi ikitiwa ndani ya gunia na kavu, ukungu haujali ipi ilianikwa siku nne. Video ya mwenzenu ina nguvu kwa kuwa kila kilichomo ni kweli, na ukienda kuangalia vigingi vipo. Kesho mwendesha mashtaka atachukua lile mliloliongeza nyinyi, athibitishe kuwa ni uongo, na ataiweka sheria ya makosa ya mtandao mezani kwa wote. Lifuteni leo, na mseme kuwa mmelifuta. Na ile video ya mama yake akilia na kanga imemtoka kichwani, nani alimuomba ruhusa? Iondoeni kabla hamjamaliza kusoma barua hii.

Kuna na sheha. Najua, kasafiri siku mbaya. Huenda aliagizwa, huenda kaogopa. Karibu kila mtu hapa anajua barua ya sheha inavyoweza kumnyima mtu kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mlalamikieni kwa maandishi kwa mkuu wa wilaya. Lakini nimesikia mwanawe kazomewa skuli, na kwamba kuna waliokubaliana wasende khitma ya shangazi yake. Hilo silikubali hata kidogo. Mimi nilikuwapo baada ya uchaguzi wa 1995. Pemba hii ilifika pahala watu hawazikani. Mtu akifa wa upande wa pili, jirani anafunga dirisha. Duka la fulani halinunuliwi, gari ya fulani haipandwi, watu wanahama safu msikitini wasisimame bega kwa bega. Ndoa zimevunjika kwa kadi za chama. Ilitugharimu miaka mpaka kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo watu 66 katika kila mia walisema tukae pamoja serikalini, na hata baada ya hapo kuna nyumba hapa mtaani hazijaingiliana. Mwenzenu kasimama kwa ajili ya shamba la watu wa vyama vyote viwili, nendeni mkawaulize. Wakija waheshimiwa na bendera zao kutaka kupiga picha na fulana zenu, wapeni chai wanywe, wende zao bila picha.

Kuandamana ni haki yenu, sirudi nyuma kwa hilo. Mkishikilia, pelekeni taarifa ya maandishi kwa polisi saa 48 kabla, mchukue nakala yenye muhuri, mteue watu wa kusimamia safu, na watoto wabaki nyumbani. Ijumaa hii imeshakupiteni kwa hesabu hiyo. Mimi naona afadhali.

Kesi inatajwa tena Jumatano. Tafuteni wadhamini watatu, si wawili, mmoja awe mtumishi mwenye barua ya kazi. Barua ya sheha iombwe kesho kwa maandishi, na mashahidi wawili, akikataa tupate kukataa kwake kwenye karatasi. Mama wa kijana anieleze tangu Jumatatu usiku, pole pole, nitamuandikia mimi, kisha atie sahihi au dole gumba. Mahkamani msije na fulana, mlinzi atakurudisheni mlangoni. Vaeni kanzu, wasichana baibui, simu zizimwe. Mwenye gari anipitie saa moja na nusu asubuhi, miguu yangu haipandi tena kile kilima.

Jina langu mnalijua, na wao wanalijua.

Bibi yenu, karani mstaafu
Wete, Pemba