Barua kwa Elia: Novemba hapana

Rennes, 9 Juni

Kwako ndugu yangu Elia,

Pokea salamu zangu nyingi, nawe umfikishie shemeji, watoto, na Bibi wa Marangu, ambaye naambiwa bado anawatoa watu wazima kwenye migomba yake kwa fimbo. Sisi huku hatujambo. Baridi imetuachia, bei za vitu hazijatuachia, na mzee wa karakana anakusalimu na kuuliza kama ile fremu ya baiskeli aliyokupa bado inabeba mtu au imeshakuwa kichanja cha kuku.

Nimeusoma ujumbe wako kwa furaha hadi nilipofika kwenye neno Novemba. Unasema utakata tiketi ya kuja huku Novemba tuendeshe baiskeli za milimani, tena kabla ya mwisho wa mwezi huu, na ndiyo maana nimeacha shughuli nyingine zote ili nikuandikie kirefu, kwa kuwa mambo haya hayaelezeki kwa ujumbe mfupi wa simu. Naomba usikate tiketi hiyo kabla hujaimaliza barua hii.

Ninakotaka kukupeleka ni Guerlédan, katikati kabisa ya Bretagne, huku magharibi mwa Ufaransa, mbali na bahari ambayo kila mgeni huikimbilia. Ziwa hilo si la asili. Lilitokea baada ya mto Blavet kuzibwa kwa bwawa la umeme lililojengwa kati ya mwaka 1923 na 1930, na maji yake yamejaa kwenye bonde jembamba lenye kona nyingi kwa urefu wa kilomita 12 hivi. Upande wa kusini kuna msitu wa Quénécan, mialoni na misonobari inayoshuka hadi ukingoni mwa maji. Upande wa magharibi, juu ya magofu ya abasia (nyumba ya watawa) ya Bon-Repos iliyoanzishwa mwaka 1184, ziko nyika za Liscuis, vilima vya vichaka vifupi na mawe ambako upepo haupumziki. Kwa hiyo mtu mwenye baiskeli ya milimani anaweza kupita msituni asubuhi, akala chakula chake kando ya ziwa, kisha akamalizia juu nyikani, yote katika siku moja na bila kupanda gari.

Wewe unapenda hadithi za vitu vilivyopotea, basi sikiliza hii. Bonde hilo lilikuwa njia ya mfereji wa kutoka Nantes hadi Brest, mfereji wa zaidi ya kilomita 360 ambao Napoleon aliuagiza kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zikizifungia bandari za Ufaransa. Bwawa lilipojengwa likaukata mfereji vipande viwili, na malango 17 ya kupandishia na kushushia mashua, pamoja na nyumba za walinzi wake, yakazama. Mwaka 2015 maji yote yalifunguliwa ili bwawa likaguliwe, na kuta za nyumba hizo zikaonekana tena zimesimama kwenye matope, watu wakamiminika kutoka kila pembe kuzitazama. Leo utapita juu ya nyumba hizo bila kuona kitu.

Narudi kwenye tarehe, maana ndiyo shida yetu.

Nyika zile hupata uzuri wake kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Wakati huo erika, kile kichaka kifupi cha nyikani, huchanua zambarau, na katikati yake huchanua ajonc, kichaka cha miiba chenye maua ya njano, hata kilima kizima kinakuwa kama kitenge kilichoanikwa. Erika unaijua, kwa sababu ndugu zake umewapita mara nyingi kule mlimani, juu ya kituo cha Mandara unapoelekea kile cha Horombo, ila za Kilimanjaro humpita mtu kwa urefu na hizi za huku hukufikia gotini. Tofauti nyingine ni kwamba nyika hizi zilitunzwa na wakulima. Kwa karne nyingi walikuja kukata vichaka ili watandikie mifugo yao, na ajonc changa waliiponda ili farasi wale bila kujichoma midomo. Desturi hiyo ilipokufa, miti ilianza kurudi kidogo kidogo, na sasa sehemu nyingi za Bretagne zilizokuwa nyika zimekuwa msitu. Liscuis imebaki wazi, na katikati ya vichaka yamo makaburi matatu ya mawe ya mabamba, marefu kama vichochoro vilivyoezekwa, ya watu walioishi takriban miaka 5,000 iliyopita. Ukifika hapo shuka, uiegeshe baiskeli mbali, utembee kwa miguu. Hilo silijadili na mtu.

Sasa linganisha na Novemba yako. Kwanza kabisa, uwindaji. Msimu mkuu hufunguliwa Septemba ikielekea mwisho na hufungwa mwishoni mwa Februari, na huku uwindaji si jambo la pembeni: vijiji vizima hutoka kuwasaka nguruwe mwitu na paa, mbwa wamefungwa kengele, watu wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa inayowaka. Utafika kwenye njia uliyoipanga kwa wiki nzima na kukuta kibao kimesimikwa, Chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea, nawe huna la kufanya ila kugeuza. Quénécan kwa sehemu kubwa ni msitu wa watu binafsi, hivyo hakuna wa kubishana naye. Nimewahi kusimama mbele ya kibao cha namna hiyo, mvua inanyesha, bunduki zinasikika upande wa pili wa kilima, nikajiuliza ni nani hasa aliyenishauri kupenda mchezo huu. (Jibu ni wewe.)

Pili, mwanga. Katikati ya Novemba jua huku huchomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama saa kumi na moja na nusu jioni. Ukitoa muda wa kufika kutoka Rennes, kufunga magurudumu, na ule muda wako maarufu wa kutafuta glavu, siku inabaki kipande.

Tatu, mawe. Wewe umezoea vumbi na mizizi ya njia ya Kilema, na najua utaniambia kwamba hata Kilema hunyesha. Ni kweli, lakini mawe ya Guerlédan ni mabamba yaliyolala kimshazari, ya jamii moja na yale yaliyochimbwa huku kwa ajili ya kuezekea nyumba. Yakiwa makavu, tairi hushika vizuri ajabu. Yakilowa, na yakishafunikwa na majani ya mwaloni yaliyoanguka, huwezi kujua kama chini ya gurudumu lako kuna jiwe, mzizi au shimo. Pale njia inaposhuka kutoka nyikani kuelekea Bon-Repos kuna mahali ambapo bamba moja limetokeza nusu ya upana wa njia, na upande uliobaki ni mteremko. Wakati wa kiangazi nashuka hapo nikiwa nimekaa nyuma ya tandiko, vidole viwili kwenye breki. Wakati wa majani yaliyolowa naibeba baiskeli begani bila aibu yoyote, hata watalii wakitazama.

Sitakuficha kwamba Novemba nayo ina uzuri wake: ukungu juu ya maji, msitu wote rangi ya shaba, hakuna mtu. Lakini huo ni uzuri wa anayekaa jirani, ambaye leo ikiharibika atarudi wiki ijayo. Wewe utakuwa umetoka Moshi na viza yenye siku za kuhesabu.

Najua utakachojibu. Agosti na Septemba ndio msimu wa wageni wa mlima, na mtu hawezi kuuacha mkate wake mezani ili aende kutazama maua. Novemba vuli imeanza, wageni wamepungua, ndipo unapopata nafasi. Nimelifikiria sana hilo, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tumekuwa tukivutana bure juu ya miezi miwili wakati uko wa tatu. Kwa nini usije Mei ya mwakani? Mei kwenu ni masika, mlima uko kimya zaidi hata kuliko Novemba. Huku uwindaji umefungwa, njia nyingi zimeanza kukauka, na mwisho wa mwezi jua halizami hadi kama saa nne usiku, kwa hiyo hata ukichelewa na glavu zako hakuna neno. Erika hutaiona ikichanua, hilo ni hasara nami nalisikitikia kuliko wewe. Hata hivyo ajonc ya aina kubwa huwa imejaa maua ya njano wakati wa machipuko, na harufu yake, amini usiamini, inakaribiana na nazi. Maji ya ziwa bado huwa baridi, lakini kwa kuwa wewe huogelei hatutapoteza kitu.

Kama utaweza kuwabana wakubwa wako wakuachie siku kumi za mwanzo wa Septemba, basi njoo Septemba, nami nitafurahi zaidi. Kama haiwezekani, subiri Mei. Novemba hapana.

Kuhusu vifaa, usije na tairi zenye mpira wa ndani. Miiba ya ajonc ni myembamba na migumu, huingia bila sauti, na pancha utaiona baada ya nusu saa ukiwa umeshafika mbali. Weka tairi zisizo na mpira wa ndani, zilizotiwa ile dawa ya kuziba matundu, na ubebe mpira mmoja wa akiba kwa dharura. Lete soksi ndefu kwa ajili ya kupe, ambao huku hueneza ugonjwa mbaya, na kila jioni tutajikagua. Ndani ya treni ya kutoka Paris baiskeli hufunguliwa na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90, kwa hiyo pima mapema. Kuhusu shirika la ndege na ada yao ya mizigo, ambayo mwaka jana ilinikaribia bei ya baiskeli yenyewe, sitasema lolote kwa sababu barua hii ina adabu. Njia zimewekwa alama ya pembetatu na duara mbili, kwa rangi za kijani, buluu, nyekundu na nyeusi kulingana na ugumu. Tutaanza na buluu, hata ukinuna.

Na ndiyo, kile kilima cha Mûr-de-Bretagne ulichokiona kwenye televisheni katika mbio za baiskeli za Tour de France, ambapo van der Poel alishinda mwaka 2021 na Pogačar mwaka 2025, kiko hapo hapo kando ya ziwa. Ni kilomita 2 tu za lami, wastani wa mwinuko asilimia 6.9. Umejigamba kwamba kwa mapafu ya Marangu utakimaliza ukiimba, nami nimemwambia mzee wa karakana, naye ameshaweka dau dhidi yako.

Sasa nijibu haya bila kuzungukazunguka. Je, tiketi ulikuwa hujalipia kweli, au ulishaweka malipo ya awali? Wakubwa wako wanaweza kukuachia Septemba, na kama hawawezi, Mei wanasemaje? Viza uliyoomba ina muda gani, na inaruhusu kusogeza tarehe? Utakuja peke yako, au yule jamaa wa Kibosho bado anang'ang'ania kufuatana nawe, na ikiwa ndivyo, amejifunza kushuka mteremko bila kufunga breki ya mbele? Shemeji ameafiki safari, au mimi ndiye nitakayelaumiwa tena? Na goti lako, maana kwenye ujumbe mzima hukulitaja hata kwa neno moja, linaendeleaje?

Nijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu nikichelewa zaidi kuweka nafasi ya chumba karibu na Caurel, kijiji cha kando ya ziwa, kwa ajili ya Septemba, vyumba vitakuwa vimekwisha.

Wako,
Amani