Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: kifungu cha 217 kifutwe

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alijaribu kujiua, Mungu akamnusuru. Nilipofika hospitali nilimkuta mama yake kwenye benchi la mapokezi, ameikunja PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mpaka imekuwa ndogo kama tiketi ya daladala. Akaninong'oneza, "Mwalimu, tukiulizwa tuseme kaugua ghafla. Wasije wakamfunga mwanangu."

Simlaumu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kwa hiyo daktari alidanganywa, na kijana akarudi nyumbani bila kuonana na mtaalamu wa afya ya akili hata siku moja.

Hapo ndipo naomba utazame. Yapo mengi yanayowaelemea vijana: sonona, kipigo, kudhalilishwa, ulevi, msiba, aibu ya matokeo ya mtihani, na mara nyingi yanakuwa yamerundikana. Lakini aliyewahi kujaribu yuko kwenye hatari kubwa ya kujaribu tena. Huyo tunamjua, tayari tunaye mikononi, na huyo huyo sheria inamfundisha kujificha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka; kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Ghana ilifuta kosa hili mwaka 2023. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba.

Wapo wanaosema tukikifuta tutakuwa tumeruhusu. Nimekaa na watoto hawa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kuwa sheria ilimzuia kujaribu. Walioogopa kutafuta msaada kwa sababu yake, ninao. Na nikimwuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua, simtii wazo kichwani. Hushusha pumzi, machozi yakamtoka, ndipo maneno yanaanza.

Peleka muswada bungeni, Mheshimiwa. Na pale mapokezi, badala ya askari, awepo mtu wa kumwuliza kijana kimemsibu nini, kisha ampangie siku ya kurudi.

Mwanafunzi wangu yu hai. Kila Ijumaa baada ya vipindi anakuja ofisini kwangu tunazungumza. Mama yake mpaka leo hajathubutu kumwambia daktari ukweli.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa sekondari, Morogoro