Wakutubi, geuzeni picha upande wa pili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno na wakutubi wa vyuo, hasa wanaopandisha nyaraka za zamani kwenye intaneti.

Juzi nilifungua hifadhi ya kidijitali ya maktaba ya chuo kimoja nikitafuta tasnifu moja tu. Nilitoka saa nane za usiku, tasnifu nimeshaisahau. Mle mna magazeti ya wanafunzi yaliyochapwa kwa stensili, ramani za kuchora kwa mkono, kanda za mahojiano, ratiba za mitihani, barua za wahadhiri zenye madoa ya chai. Katika muhtasari mmoja wa kikao, wajumbe wamebishana kurasa mbili nzima juu ya kengele ya bwenini. Mmoja kaomba hasira yake iandikwe, na katibu kaiandika.

Hayo sikuyapata kwa kisanduku cha kutafutia. Kisanduku hakioni picha, kinaona maelezo aliyoyaandika mkutubi. Maandishi ya chapa husomwa na programu, tena kwa kubahatisha: “rn” hugeuka “m”, na ukurasa uliofifia hutoka kama maneno ya kiganga. Mwandiko wa mkono ndio kabisa, mara nyingi huwa haujasomwa na chochote. Kwa hiyo barua arobaini zikiitwa “Barua mbalimbali”, zimezikwa hizo. Siku hizi naacha kisanduku, naingia folda kwa folda kama mtu anayepekua kabati la marehemu babu.

Sasa lalamiko langu. Nilikuta picha ya wanafunzi wamejipanga kwenye ngazi. Maelezo yake: “Wanafunzi, tarehe haijulikani.” Nilipoikuza nikaona wino umepenya kutoka nyuma, herufi zimepinduka kama zilizo kwenye kioo. Kumbe kuna mtu aliwaandika wote! Skana ilipita mbele tu. Nikawaandikia wahusika, wakanijibu kwamba mradi ulihusu upande wenye picha.

Jamani, kugeuza karatasi kunachukua sekunde ngapi? Majina yako nyuma, na tarehe na muhuri wa studio pia viko nyuma. Ikiwa muda wa kuandika maelezo marefu hamna, tuachieni nafasi wasomaji tusaidie. Maktaba ya Taifa ya Australia ilianza mwaka 2008 kuwaruhusu watu wa kawaida kusahihisha maandishi ya magazeti yake ya zamani mtandaoni, na watu wanasahihisha mpaka leo bila malipo.

(Na kanda za sauti zitangulizwe kwenye foleni. Karatasi nzuri ikitunzwa inangoja karne. Kanda haingoji, na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika.)

Ile picha niliihifadhi kwenye simu, nikaipindua, nikasoma majina mawili. Wa tatu kutoka kushoto ni kijana aliyefumba macho wakati kamera inapiga. Lake linaanza na M, halafu wino unaishia kwenye mkunjo.

Msomaji wako